Lala Córdoba: mwongozo wa kuutembelea mji wa kale wa Mto Guadalquivir

Watalii wengi wa Córdoba, Hispania, hushuka kwenye treni saa nne asubuhi, huingia Msikiti Mkuu, ambao sasa ni kanisa kuu, saa sita pamoja na makundi yote ya mabasi, hula kwenye mgahawa wenye picha za vyakula mlangoni, na saa kumi na moja wako njiani kurudi Sevilla au Madrid. Ukiwauliza watakwambia mji ni mzuri ila una joto na watu wengi. Hawadanganyi. Wameuona katika saa zake mbaya.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: lala Córdoba, usiku mbili ikiwezekana. Alfajiri na baada ya Magharibi mji unarudi kwa wenyewe, na mambo yake bora yanapatikana saa hizo. Mengine yote yapange kwa kuangalia jua, na kwa kuichunga Jumatatu, siku ambayo karibu kila kivutio hufungwa isipokuwa Msikiti.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kukata tiketi

Córdoba imekaa bondeni kusini mwa Hispania, mbali na bahari, na bonde la Guadalquivir ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali kuliko zote barani Ulaya. Julai na Agosti nyuzi 40 si habari ya kumshtua mtu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atasema joto analijua. Hili si lake. Ni joto kavu, halina upepo wa bahari, jasho linakauka kabla hujaliona, na mwili unaishiwa maji huku ukijiona mzima. Wenyeji wenyewe hufunga madirisha mchana wakalala.

Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, kisha Oktoba na Novemba. Mei ndiyo yenye sherehe nyingi: misalaba ya maua mitaani mwanzoni mwa mwezi, kisha tamasha la nyua (viwanja vya ndani ya nyumba), halafu maonyesho makubwa ya mji mwishoni. Ndiyo pia yenye vyumba ghali, kwa hiyo atakaye Mei aweke nafasi miezi kadhaa kabla. Wiki ya kabla ya Pasaka kuna maandamano ya kidini usiku kucha. Yanapendeza sana kuyatazama, lakini mitaa hufungwa na saa za kuingia Msikiti hubadilika. Desemba hadi Februari ni baridi na mvua za hapa na pale. Vyumba vinashuka bei. Beba koti.

Hatua ya pili: viza

Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, lakini hizo siku 15 zisikudanganye, maana miadi yenyewe huweza kuchelewa kupatikana. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Utahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, mahali pa kulala, na ushahidi kwamba una kazi, biashara au familia ya kukurudisha nyumbani. Ukiwa unatembelea nchi kadhaa za Schengen, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Wanaoishi Ulaya wasichanganye mambo. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Ufaransa anapita nacho pamoja na pasipoti yake. Mwenye kibali cha Uingereza bado anahitaji viza. Na tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso za wageni badala ya kugonga muhuri, hivyo usiunganishe ndege na treni kwa kubana muda.

Hatua ya tatu: kutoka Madrid hadi mtoni

Safari nyingi kutoka Afrika Mashariki huunganisha Addis Ababa, Doha, Istanbul au Dubai na kutua Madrid. Nje ya uwanja wa ndege kuna basi la njano, namba 203, linaloteremka hadi kituo cha treni cha Atocha. Hapo unapanda treni ya mwendokasi. Njia hii ya Madrid hadi Sevilla kupitia Córdoba ilifunguliwa mwaka 1992, ya kwanza ya aina yake nchini humo, na Córdoba unafika kwa saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Kampuni tatu hushindana kwenye reli hiyohiyo: Renfe, Iryo na Ouigo. Linganisha zote tatu, nunua wiki kadhaa kabla, na uandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, kwa hiyo usifike kituoni dakika ya mwisho.

Kituo cha Córdoba kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mtoni. Basi namba 3 la mjini litakusogeza, au teksi ukiwa na mabegi makubwa. Mabegi ya magurudumu na mawe ya mitaa ya kale hayapatani hata kidogo.

Kulala, usitafute chumba kinachogusana na Msikiti. Ni ghali, na mchana kuna makelele. Mtaa wa San Basilio, nyuma ya ngome ya Alcázar, una utulivu na ni dakika chache tu kwa miguu. Upande wa San Andrés na Plaza de la Corredera ndiko wenyeji wanakoishi na kula, na bei zinaonyesha hivyo.

Hatua ya nne: jioni ya kwanza, anzia ng'ambo ya mto

Weka mzigo, kunywa maji, na saa moja hivi kabla ya jua kuzama vuka Daraja la Kirumi mpaka upande wa kusini. Usisimame katikati kupiga picha bado, vuka kwanza. Daraja hili lina matao 16. Lilianza kujengwa karne ya kwanza kabla ya Kristo na limekarabatiwa na kila aliyetawala hapa, hivi kwamba mawe ya Kirumi yaliyobaki ni machache. Magari yalizuiwa kupita mwaka 2004. Sasa ni la waenda kwa miguu, wacheza gitaa na wauza vikorokoro.

Katikati kuna sanamu ya Malaika Rafael, iliyowekwa mwaka 1651 baada ya tauni kuupiga mji. Miguuni pake utakuta mishumaa na nta nyekundu iliyoganda juu ya nta nyingine. Hayo si mapambo ya watalii, wenyeji bado wanamwekea nadhiri.

Ukifika ng'ambo, kwenye mnara wa Calahorra, geuka. Hapo ndipo mji unapokaa sawa machoni: mto, daraja, lango, na nyuma yake ukuta mrefu wa Msikiti na mnara wa kengele. Chini, maji yamegawanyika kwenye visiwa vidogo vyenye vichaka na magofu ya vinu vya kusagia nafaka. Jioni yangeyange hurudi kulala humo kwa makundi. Sehemu hii ya mto imehifadhiwa kwa sheria kwa ajili ya ndege hao na wenzao.

Kandokando ya ukingo wa mji utaona gurudumu kubwa la mbao, la Albolafia, lililokuwa likiinua maji ya mto. Inasimuliwa kwamba Malkia Isabel aliamuru liondolewe kwa sababu mlio wake ulimnyima usingizi alipokuwa akilala kwenye Alcázar. Lililopo leo limejengwa upya.

Mto wenyewe una urefu wa kilomita 657. Siku hizi meli za baharini hukomea Sevilla, lakini enzi za Warumi vyombo vilipanda hadi hapa, na mji huu ulikuwa makao makuu ya jimbo la Baetica. Kilichosafirishwa zaidi ni mafuta ya zeituni. Mitungi yake ilikuwa haitumiki tena ikifika Roma, ikavunjwa na kutupwa mahali pamoja mpaka pakawa kilima, na kilima hicho, Monte Testaccio, kipo hadi leo. Ukila mkate uliochovywa mafuta ya hapa usiku huo, biashara ni ileile ya miaka elfu mbili.

Hatua ya tano: Msikiti, saa mbili na nusu asubuhi

Amka mapema. Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 2:30 hadi 3:20 asubuhi (vibao vyao vimeandika 8:30 hadi 9:20), mtu binafsi anaingia Mezquita-Catedral bila malipo. Makundi yenye kiongozi hayaruhusiwi muda huo, na wageni wanatakiwa kuwa kimya. Jumapili nafasi hiyo haipo, na siku za sikukuu ratiba hubadilika, basi angalia tovuti yao usiku wa kuamkia siku hiyo. Tiketi ya kawaida ni kama euro 13. Ushauri wangu ni ingia bure asubuhi upate ukimya, kisha ukiona hujatosheka, na hutatosheka, nunua tiketi ya saa za mwisho za alasiri urudi kuangalia kidogo kidogo. Vaa nguo za heshima. Kofia na kapelo huvuliwa mlangoni.

Kabla ya kuingia utapita kwenye ua wa midanzi, ambao hauna kiingilio. Hapa ndipo waumini walipokuwa wakitia udhu. Usipoteze dakika zako za bure hapo, utarudi.

Ndani, macho yakizoea mwanga hafifu, utaona nguzo. Zimebaki 856. Aliyeanza kujenga ni Abd al-Rahman wa Kwanza, mwaka 785. Alikuwa mwana wa ukoo wa Banu Umayya wa Damascus aliyenusurika ukoo wake ulipouawa na Bani Abbas, akakimbia kupitia Afrika Kaskazini hadi huku, akajitangazia utawala mwaka 756. Sehemu yake ndiyo ya kwanza kuingia, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ya tatizo lililotatuliwa pale. Mafundi walitumia nguzo zilizong'olewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi. Zilikuwa fupi, na nguzo fupi zingebeba dari la chini, jengo likawa pango. Wakaziwekea juu yake nguzo nyingine za mawe, na kuziunganisha kwa matao ya ngazi mbili: la chini lenye umbo la kwato ya farasi, la juu la nusu duara. Tao la chini halibebi dari. Kazi yake ni kushikilia nguzo zisiyumbe. Ule urembo wa nyekundu na nyeupe unaouona kwenye kila kadi ya posta ni matofali na mawe yaliyopangwa kwa kupokezana.

Simama karibu na nguzo mbili tatu uzilinganishe. Moja ya marumaru ya kijivu, nyingine ya waridi, nyingine imechongwa mifereji kama kamba iliyosokotwa. Vichwa vyake havifanani. Ilikuwa fupi, imepandishiwa jiwe chini. Ilikuwa ndefu, imefukiwa sakafuni.

Sasa tembea moja kwa moja kuelekea kusini, ukutani. Unavuka nyongeza ya Abd al-Rahman wa Pili, ya karne ya 9, kisha unaingia ya al-Hakam wa Pili, ya miaka ya 960. Kwa wakati huu hawakuwa wakiokoteza nguzo tena. Walichonga zao, wakazipanga kwa rangi mbili kwa kupokezana, na mafundi waliandika majina yao juu ya mawe. Nakala za saini hizo zimewekwa kwenye maonyesho ndani humo humo. Mwisho wa njia ni mihrabu, iliyonakshiwa kwa vipande vidogo vya vioo na dhahabu. Waandishi wa Kiarabu wa zamani wanasema mfalme wa Constantinople ndiye aliyetuma vipande hivyo pamoja na fundi wa kuvipanga. Mihrabu hii imeelekea zaidi kusini kuliko Makka ilipo, na sababu yake wataalamu wanaijadili hadi leo. Kuna uzio, hutaigusa, lakini saa za asubuhi unaweza kusimama mbele yake bila mgongo wa mtu.

Kisha geuka mashariki, kwenye nyongeza ya mwisho na kubwa, ya waziri al-Mansur, ya mwaka 987. Kusini mto ulikuwa umezuia, magharibi kulikuwa na kasri, ndiyo maana akapanulia upande mmoja na mihrabu ikabaki pembeni badala ya kuwa katikati. Tazama matao yake vizuri: sehemu kubwa ya ile nyekundu ni rangi iliyopakwa juu ya mawe. Alikuwa na haraka. Upande huohuo ndiko moto ulikowaka Agosti 2025, katika kikanisa kimoja kilichotumika kama stoo. Ulizimwa kabla ya kusambaa jengo zima.

Na katikati ya yote haya limekaa kanisa. Mfalme Mkristo Fernando wa Tatu aliuteka mji mwaka 1236 na msikiti ukafanywa kanisa kuu siku hizohizo, bila kubomolewa. Ujenzi wa kanisa refu lenye kuba ulianza mwaka 1523. Baraza la mji lilipinga kwa nguvu, hata likatishia kuwaua mafundi watakaogusa jengo, mpaka Mfalme Carlos wa Tano akaamua kwa upande wa maaskofu. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuona kwa macho yake alijuta. Vitabu vingi vya watalii vinakufundisha kukasirika hapo. Mimi siwezi kukasirika moja kwa moja. Jengo lililokuwa likitumika kila siku halikugeuzwa machimbo ya mawe, na hatua ya nane ya mwongozo huu itakuonyesha kilicholipata jengo ambalo halikuwa na mtumiaji.

Kwa msomaji Muislamu, hili lisemwe waziwazi: kuswali ndani hakuruhusiwi. Waislamu wa Hispania waliomba ruhusa kwa Kanisa mwaka 2004 wakakataliwa, na mwaka 2010 kundi la vijana kutoka Austria lilijaribu, mambo yakaishia kwa polisi. Walinzi wanaangalia. Hata kupiga magoti kwa muda mfupi au kuinua mikono kwa dua kutakuletea mtu. Anayetaka kuswali mjini aende msikiti mdogo wa Morabito, ndani ya bustani ya Plaza de Colón, mwendo wa dakika ishirini au zaidi kwa miguu. Saa zake za kufunguliwa aulize mapema. Suala la nani mwenye jengo nalo bado ni moto. Mwaka 2006 Kanisa liliandikisha umiliki wake kwenye daftari la ardhi kwa ada ya euro 30, na mpaka leo ukitaka kuwasha mjadala kwenye baa yoyote ya Córdoba, taja hizo euro 30.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuja Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, karibu mwaka 1350. Wakati huo Córdoba ilikuwa imekaa chini ya Wakristo zaidi ya karne moja. Dola ya Kiislamu iliyobaki ilikuwa Granada, na huko ndiko alikokwenda.

Mnara wa kengele, mita 54, una tiketi yake na hupandwa kwa zamu za muda maalumu. Mnara wa adhana wa karne ya 10 umefichwa ndani yake, umejengewa ukuta mpya kwa nje. Ukiwa na magoti mazima, panda.

Hatua ya sita: mtaa wa Wayahudi, kabla jua halijapanda

Ukitoka saa 3:20, usikimbilie chai kwanza. Vichochoro vya kaskazini magharibi mwa Msikiti bado havijajaa. Sinagogi dogo la mtaa wa Judíos lilijengwa mwaka 1315, na ni moja kati ya masinagogi machache ya zama hizo yaliyobaki Hispania. Mawili kati yake yako Toledo. Wayahudi walipofukuzwa nchini mwaka 1492 likawa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, baadaye kikanisa cha chama cha washona viatu, na maandishi ya Kiebrania yakakaa chini ya chokaa mpaka yalipofumuliwa karne ya 19. Dakika kumi na tano zinatosha. Jumatatu limefungwa.

Hatua chache kutoka hapo kuna sanamu ya Musa bin Maymun, Maimonides, mwanafalsafa na tabibu aliyezaliwa mji huu karne ya 12, akahama kwa sababu ya dhuluma za watawala wa Almohad na kumalizia maisha yake Misri. Kiatu chake cha shaba kinang'aa kwa kuguswa na wapita njia. Nje ya ukuta wa mji amekaa jirani yake wa zama zilezile, Ibn Rushd, aliyezaliwa mwaka 1126, kadhi wa Córdoba ambaye fafanuzi zake za vitabu vya Aristotle zilisomwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Naye alipelekwa uhamishoni uzeeni. Mji huu unawaenzi sana watu wake wakishaondoka.

Calleja de las Flores, kichochoro cha vyungu vya maua ambacho mnara wa kengele unaonekana mwishoni mwake, ni pazuri saa mbili asubuhi na hapapitiki saa tano.

Hatua ya saba: mchana kula, kisha lala

Mhispania hula mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi, na usiku kuanzia saa tatu. Ukienda saa sita utakuta jiko limefungwa au utakula na watalii wenzako. Maduka mengi hufungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni.

Chakula cha mji ni salmorejo: nyanya mbivu, mkate mkavu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, vinasagwa mpaka kuwa uji mzito, kisha hupozwa. Juu yake huwekwa yai la kuchemsha na vipande vya jamón, yaani nguruwe. Asiyekula nguruwe aseme mapema "sin jamón", na aseme tena sahani ikiletwa, kwa sababu mkono wa mpishi umezoea. Bilinganya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa hazina tatizo kwa mtu yeyote, na ndizo ningeagiza kila siku. Mkia wa ng'ombe uliopikwa taratibu hutiwa mvinyo mara nyingi, uliza. Flamenquín ni nguruwe mwanzo mwisho. Mbele ya ukuta wa Msikiti kuna baa ndogo, Santos, inayouza kipande cha kimanda cha viazi kinene ajabu. Watu hukinunua na kukilia wakiwa wamesimama nje.

Baada ya hapo rudi chumbani. Si uvivu. Kuanzia Juni hadi Septemba hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote.

Hatua ya nane: Madinat al-Zahra, asubuhi ya pili

Mwaka 929 Abd al-Rahman wa Tatu alijitangaza khalifa, na khalifa alihitaji mji wake. Miaka michache baadaye ujenzi ulianza kwenye miteremko ya Sierra Morena, kilomita 8 hivi magharibi mwa Córdoba: kasri juu, bustani katikati, makazi ya watu chini. Hadithi ya kwamba aliujenga kwa ajili ya suria aliyeitwa Zahra inapendwa na waongoza watalii kuliko na wanaakiolojia. Mji haukufikisha miaka mia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka 1009, ukaporwa na kuchomwa, na kwa karne zilizofuata kila aliyetaka jiwe zuri la kujengea alikuja kujichukulia. Sehemu iliyofukuliwa mpaka sasa ni kama moja ya kumi tu. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018.

Kuna basi la watalii kutoka katikati ya mji. Tiketi hununuliwa kwenye vibanda vya habari za utalii, na ni vizuri kuikata jana yake. Litakushusha kwenye makumbusho. Anzia humo, usipande juu moja kwa moja. Jengo lenyewe limezamishwa ardhini ili lisishindane na magofu, na mwaka 2010 lilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Bila filamu na vielelezo vyake utakachokiona juu ni kuta fupi na vumbi. Kisha panda basi dogo hadi kwenye magofu. Kiingilio ni bure kwa raia wa Umoja wa Ulaya na euro 1.50 kwa wengine. Hakuna kivuli cha maana. Kofia, maji lita moja na nusu, viatu vilivyofunga. Jumatatu pamefungwa, na miezi ya joto hufunga mapema mchana.

Hatua ya tisa: nyua

Nyumba ya Córdoba imegeuzia mtaa mgongo. Maisha yako ndani, uani. Mashindano ya ua mzuri yalianza mwaka 1921, na mwaka 2012 tamasha hilo likatambuliwa na UNESCO. Wiki mbili za Mei familia hufungua milango yao, kuingia ni bure, na foleni huweza kuchukua saa nzima kwa ua mmoja. Nenda San Basilio siku ya kazi, milango inapofunguliwa tu asubuhi. Ukiwa ndani, salimia "buenos días". Pale ni kwa watu.

Kama hukuja Mei, Palacio de Viana ina nyua 12 ndani ya jumba moja (Jumatatu imefungwa). Baadhi ya nyumba za San Basilio pia hufunguliwa mwaka mzima kwa tiketi. Angalia kuta: vyungu vimetundikwa mpaka ghorofa ya pili, asmini na jereniamu, na hakuna ngazi. Kumwagilia hufanywa kwa ufito mrefu wenye kopo la bati lililofungwa kwenye ncha. Mtu hulichota kisimani, huliinua polepole mpaka juu ya chungu, na kuliinamisha bila kumwaga tone kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Chungu baada ya chungu, na siku za joto mara mbili kwa siku. Ukibahatika kuikuta kazi hiyo ikifanyika, simama uitazame.

Muda ukibaki

Alcázar ya mwaka 1328, makao ya wafalme, ambako Columbus aliwaeleza Isabel na Fernando mpango wake mwaka 1486, na ambako baadaye Mahakama ya Kuhukumu Wazushi ilikaa zaidi ya karne tatu. Bustani zake na michoro ya vigae vya Kirumi vinastahili saa moja na nusu. Makumbusho ya Akiolojia, yaliyojengwa juu ya mabaki ya jumba la maigizo la Kirumi, hayana watu kabisa na ni mahali pazuri pa kujificha jua. Makumbusho ya mchoraji Julio Romero de Torres ni kwa mwenye kupenda wanawake wenye huzuni. Mimi nilitoka mapema.

Ukirudi kupitia Madrid na una saa tatu za ziada kabla ya ndege, kutoka Atocha panda treni ya mjini hadi Recoletos. Hatua chache kutoka hapo ni Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, mtaa wa Serrano. Humo kuna kijaluba cha pembe ya ndovu, chenye tausi na swala waliochongwa kwa wembamba usioaminika, kilichotengenezwa mwaka 964 kwa amri ya al-Hakam wa Pili kwa ajili ya Subh, mama wa wanawe. Kiingilio ni euro chache. Jumapili hufungwa mchana saa tisa, na Jumatatu, bila shaka umeshakisia, hakufunguliwi.